Ndengu za Kurasa Kumi na Nne

Saa ya ukutani ilikufa mwezi wa Aprili,
betri sikununua.
Tangu hapo napika kwa kurasa.

Kitunguu: nusu ukurasa,
mpaka kingo zishike rangi ya karatasi kuukuu.
Nyanya: ukurasa mmoja na aya,
ila za Julai ni ngumu, zina kiburi,
hizo huzipa mbili.
Ndengu nilizoloweka kabla ya kwenda kazini
huiva kwa kurasa kumi na nne,
kumi na nane kukiwa na ugomvi hadithini,
maana ugomvi husomwa mbio.

Dada yangu Ayuma alipiga simu kutoka Malava:
nipe hiyo njia yako, watoto wameisifu.
Nikamwambia: nusu, moja na aya, kumi na nne.
Akanyamaza.
Za kitabu gani?
Chochote, bora maandishi yasiwe madogo.
Akacheka mpaka salio likamwishia.

Ngara, ghorofa ya tatu. Jiko langu ni hatua mbili,
ya kwanza sinki, ya pili dirisha.
Simu huizima nikiingia,
nikaifungia kwenye kopo lililokuwa la unga,
na asubuhi hutoka na vumbi jeupe masikioni
kama mtoto aliyeiba.
Sina kanuni nyingi:
kikombe kimoja, kile chenye mkono wa gundi,
viatu mlangoni vikitazama ngazi,
na dhania ikatwe mwisho kabisa,
harufu itangulie sahani mezani.

Kutwa nzima nahesabu misumari ya watu
katika duka la vyuma, Barabara ya Kirinyaga:
inchi nne, inchi sita, bati za geji thelathini,
bawaba, kufuli, tena bawaba.
Jioni kidole kile kile kilichopitia risiti
hupita chini ya sentensi, taratibu,
na hakuna anayeniuliza jumla.

Kitabu cha sasa nilikinunua shilingi hamsini,
juu ya turubai kando ya njia,
kati ya kamusi isiyo na jalada
na mwongozo wa kufuga kuku.
Ndani, kwa wino wa samawati:
*Zipora Kerubo, Kidato cha Tatu Magharibi.
Ukiiba utaumwa tumbo.*

Sijaiba, Zipora.
Risiti sikupewa, lakini nililipa.

Ukurasa wa sitini na moja nikakuta doa,
la manjano, la mviringo,
upana wa sarafu ya shilingi kumi.
Nikanusa.
Binzari, au nilitaka iwe binzari.
Kumbe na wewe!
Mwiko mkono wa kulia, hadithi wa kushoto,
na mtu chumba cha pili akiuliza
mbona nasikia harufu ya kuungua.
Na mimi nilidhani nimevumbua.

Jana stima ilipotea nikiwa ukurasa wa kumi na moja.
Jengo zima likasema *aaah* kwa sauti moja,
halafu kimya, halafu kiberiti cha Mama Nyaboke,
halafu mtoto akicheka gizani bila sababu.
Sikutafuta mshumaa.
Niliinama kwenye moto wa gesi, ule wa buluu,
nikasoma mstari mmoja mmoja
kichwa karibu na sufuria,
mvuke ukinikunjia karatasi,
na kila herufi ikanijia ikiwa na joto.

Nilikoroga bila kuona. Tone likaruka.

Stima iliporudi lilikuwa limeshatulia
pembeni mwa aya, kijani chenye mafuta,
na ndengu zilikuwa zimeshika chini.
Nikala zote. Nikakwangua ukoko kwa kijiko
huku nikimaliza sura.

Doa sikulifuta.
Nilitoa kalamu ya dukani nyuma ya sikio,
nikaandika kando yake, herufi ndogo:
*Zipora, hapa stima ilipotea.
Kumi na mbili zingetosha.*