Dirisha la Nne

Jumanne, saa nne na robo, alikuja na mama yake,
vumbi la pamba bado limemkaa mama kwenye nyusi,
vidole vina vidoadoa vya sindano ya cherehani.
Binti ametimiza kumi na minane juzi Jumamosi.
Sheria inampa mwaka mmoja tu wa kutamka
kwamba anataka kuwa kile alichokuwa
tangu kitovu chake kikatwe hapa hapa Prato,
hospitali ile, nyuma ya kituo cha reli.

Nikamwuliza, kwa kuwa fomu inauliza:
Umetoka wapi?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
mkono wake ni wa nani.
"Mtaa wa Pistoiese," akasema,
"juu ya duka la vifungo."
Na ile k yake ikayeyuka kooni ikawa pumzi,
lafudhi ya wazawa wa hapa,
ambayo mimi, binti wa Mkalabria,
sijaipata sawasawa mpaka leo.

Baba alinionyesha mara moja, kule Torino,
mlango uliokuwa na kibao:
Hatupangishi watu wa kusini.
Kibao kilishaondolewa.
Misumari ilibaki.

Basi nikafungua faili la Lin Qiuyan.
Kadi za chanjo, ripoti za shule,
cheti cha kuogelea, daraja la pili.
Ametakiwa athibitishe kwamba hakuwahi kuondoka.
Kuna na barua ya mwalimu:
darasa zima lilipokwenda London
yeye alibaki, hana pasi ya kumvusha,
akamsaidia mtunza shule kupaka viti rangi.
Nikaigonga muhuri hiyo nayo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sawa. Na aliyezaliwa shambani,
jembe likiwa limeegemezwa kwenye kitanda chake,
huyo siku zake tunaanza kuzihesabu wapi?

Nyuma yao kwenye foleni mzee mmoja akakohoa:
"Siku hizi hata uraia unauzwa bei ya fulana."
Alisema kwa sauti, ili asikike.
Mama akageuka, akamwuliza binti kitu kwa lugha yao.
Binti akajibu maneno matatu.
Mama akamwinamia yule mzee, akatabasamu,
na mzee akakosa pa kuweka macho.

"Umemwambia nini?" nikanong'ona.
"Kwamba anatupongeza."

Akatia saini. Kiapo ni Alhamisi,
sentensi moja tu, asimame wima.
Kadi ya kura itamfuata kwa posta
kabla ya uchaguzi wa baraza, mwezi wa sita.
Alikuwa ameshika mlango aliporudi.
"Mama anauliza. Na yeye je?
Ana miaka ishirini na mitatu hapa."

Dirisha la sita, nikasema.

Dirisha la sita halifunguliwi Jumanne.