Siku Tisa Bila Mngurumo

Kwanza lilikuwa doa.
Bwana Urpo Kaukovaara wa ghorofa ya chini
alipanda ngazi na soksi zake za sufu
kunionyesha picha ya dari yake:
doa la rangi ya chai,
jana sahani, leo sinia.
Hakugomba. Alisema tu,
"Bi Hilkka, nadhani kuna kitu kwako kinalia."

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Mimi niliyazoa. Taulo nne,
shati kuukuu, na mwishowe zulia la chooni.
Nje ni Februari ya Tampere, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
ziwa limekuwa barabara;
ndani kidimbwi cha uvuguvugu kinanukia limau,
na mashine ya vyombo imetoa macho mekundu: E15,
haitaki kuosha, haitaki kufa.

Fundi alisema kwa simu: euro tisini
kabla hajagusa bisibisi. "Mama, nunua mpya."
Miaka thelathini na moja naendesha basi la alfajiri.
Mlango ukigoma, hatununui basi.

Nikachomoa plagi. Nikafunga maji.
Nikang'oa ubao wa chini, tochi mdomoni,
nikatandika gazeti kavu tumboni mwake,
maana maji ni shahidi mwongo:
huvujia kulia, yakaungamia kushoto.

Nilishuku mpira wa mlango. Nikaupapasa
kama daktari wa meno apapasavyo ufizi:
laini, mzima, umekwama punje moja ya shayiri.
Nilishuku bomba. Kavu.
Nilishuku kibano cha bomba. Kimekaza kuliko ndoa yangu ya kwanza.
Nilimshuku Eetu, mtoto wa dada,
aliyewahi kumimina humo sabuni ya sinki
tukaogelea povu hadi magotini.
Akaapa. Safari hii ni kweli.

Siku ya tano gazeti lililowa
pembe ya mbele, kushoto, juu ya matokeo ya hoki.
Nikafungua mlango, nikaketi sakafuni, nikatazama tu.
Kisha nikaung'oa ule mkono wa chini
unaozunguka ukirusha maji,
nikaujaza bombani, nikauminya.

Ukanitemea usoni.

Ufa. Kwenye mshono wa plastiki,
mwembamba kama ukope.
Kila mzunguko ulipiga mshale mmoja
kwenye mdomo wa mlango,
na mpira maskini, mlinzi asiye na kosa,
ulilaumiwa siku tano.

Spea ni euro kumi na nane, siku nne za posta.
Lakini tumboni bado mlikuwa na maji,
na boya dogo limeelea, limebana swichi yake:
sharti mashine iinamishwe mbele kama mtu anayetapika.
Si kazi ya mtu mmoja.
Nikashuka ngazi, nikabisha.

"Shika tochi hapa."
"Hapa?"
"Hapana, hapa."
Mkono wake ulitetemeka kidogo, mwanga ukacheza kwenye nyaya.
Tukaiinamisha. Ikatema vikombe vitatu vya maji machafu
na kijiko cha mtoto
ambacho hakuna kati yetu aliyekijua.

Macho mekundu yakazimika.
Tukapachika mkono mpya, tukangoja
tumepiga magoti mbele ya kioo cheusi
kama watu waliosahau sala.
Gazeti kavu. Dakika ishirini. Kavu.

Ndipo akasema, bila kunitazama,
kwamba saa nne za usiku huisikia ikinguruma
juu ya kitanda chake,
na kwamba siku tisa hizi hakulala vizuri.
Akachukua soksi zake, na miguu ndani yake, akashuka.

Doa liko palepale. Atalipaka rangi kiangazi, anasema.

Usiku ule nilikuwa na vikombe viwili na sufuria moja.
Ni israfu, umeme hauokotwi.
Nikatazama saa.
Nikaiwasha.