Kijiti cha Kupimia

Dashibodi ya kwanza niliyoijua
ilikuwa ya Fuso la baba, Isyonje kwenda Mwanjelwa:
mshale wa mafuta umelala tangu sijazaliwa,
taa nyekundu zinawaka bila kosa.
Baba alishuka, akachovya kijiti kwenye tangi,
akakinusa, akakiinua juani: "Tunafika."
Tulifika. Mara moja tu hatukufika.

Sasa ni Julai, Uyole, saa kumi alfajiri,
baridi imekaa kitako kwenye saruji,
nimejifunga khanga mbili juu ya koti la mtumba
na kompyuta inanipasha mapaja.
Chaneli ni ya dada yangu Subilaga,
alimaye viazi na kuvisemea.
Wafuasi elfu nne mia mbili na sita.
Wenye mtandao walishanipa dashibodi yao:
kijani kinapanda, chekundu kinashuka,
hongera, umekua kwa asilimia tisa.
Nimekua wapi, haisemi.

Nikaunda yangu. Jedwali tupu, safu baada ya safu,
kama mtu anayeinua matuta.
Tarehe. Watazamaji. Dakika walizokaa.
Sekunde waliyoondokea.
Halafu safu wasizozijua wao:
mvua Isyonje, ndiyo au hapana;
bei ya gunia, na lumbesa yake;
umeme ulikatika lini;
siku ya mnada, siku ya msiba.
Fomula ikagoma usiku kucha
kwa bano moja lisilofungwa.

Ikaanza kusema. Watu huondoka
Subilaga anaposalimia.
Dakika nzima anasalimia: wa Umalila, wa Makete,
wa Mufindi kwenye chai,
mashemeji wa Tunduma, kwa majina.
Nikamwambia, kata salamu.
Akasema, "Niingie shambani kwa mtu bila hodi?"
Safu ile nikaipaka kijivu, nikanyamaza.

Kisha video ya Machi, ya baka chelewa.
Mstari unateremka taratibu kama barabara ya Tukuyu,
na dakika ya sita, ghafla, unaumuka:
watu wanarudi nyuma, wanarudi tena,
pale pale mvua ilipoanza kupiga bati.
Nikafurahi. Wanapenda mvua, nikasema,
tutarekodi mvua zaidi.
Nikapaka kijani.

Alhamisi ndipo nilipovaa visikizio
nikamsikiliza kama mkulima:
"Kwa pampu moja weka vijiko—"
na mvua.
Midomo yake inataja idadi, bati linataja lake.
"—usizidishe, utaunguza."

Nikarudi kwenye jedwali langu.
Tarehe kumi na tisa Machi: umeme hakuna tangu asubuhi,
mtazamaji mmoja.
Marudio ishirini na mawili.

Mtu mmoja, mahali fulani, kijiko mkononi,
pampu wazi miguuni,
majani yameanza weusi pembeni,
chaji inaisha, bando linaisha,
anavuta kidole nyuma sekunde kumi,
anabana simu sikioni,
nami huku nampaka kijani.

Tumerekodi upya, jikoni, mlango umefungwa.
Subilaga kasalimia dakika yake nzima,
kisha akainua vijiko mbele ya kamera,
kimoja, kimoja,
kama anayemhesabia mtoto.

Nimeongeza safu isiyo na fomula.
Inaitwa *Walitaka kusikia nini.*
Naijaza kwa mkono,
nachovya, nanusa.

Video mpya ina watazamaji thelathini na wanane.
Mshale wao ni mwekundu.
Lakini dakika ya sita mstari umenyooka,
hakuna aliyerudi nyuma.
Yule wa Machi sijui kama yumo.
Viazi vya Machi vilishavunwa,
au havikuvunwa.