Mlango wa Nne

Mmeniuliza chanzo, wakaguzi. Andikeni: ukungu.
Si ule unaolala alfajiri juu ya Ghuba ya Mwanza
ukakificha Saanane mpaka saa mbili.
Huu ni mweupe kama huo, ila una njaa.

Mafuta ni mate ya chuma. Beringi ya nne ilikaukiwa,
ikasaga chuma kwa chuma, ikaiva.
Matone yaliyoirukia yakawa mvuke,
mvuke ukapanda, ukagusa ubavu uliopoa,
ukageuka vumbi la mafuta, laini,
likajaa tumbo la injini kama visubi
wanavyosimama nguzo nguzo ziwani
na mgeni kwenye sitaha akauliza: kule panaungua nini?

Hapaungui kitu. Bado.

Kengele ililia saa saba usiku, Kome ikiwa kushoto.
Ililia kwa kukoroma: tuliizungushia utepe mweusi
tangu Februari, maana ilikuwa ikipiga ovyo,
na fundi mkuu Lushinge wiki ya tatu hajapata usingizi.
Andikeni na hilo.

Mugeta alinusa. Akaweka kiganja mlangoni,
akakirudisha upesi.
Tukapunguza mwendo, tukazima. Hapo hatukukosea.
Kitabu kinasema: kaa. Nusu saa, usifungue.
Lakini juu kuna abiria mia mbili,
nahodha anafoka kwenye simu,
upepo unatusogeza miambani,
na nusu saa ya giza ni ndefu kuliko eda.

Alilegeza nati sita.
Hewa iliingia kabla ya macho yake.

Mshindo wa kwanza uling'oa mlango.
Kisha injini ikavuta pumzi, pumzi yetu sote mle chumbani,
ndipo ikasema neno la pili.

Mugeta yuko Bugando, kitanda cha dirishani.
Mkewe humlisha uji, naye hutazama ziwa
kama mtu anayelidai.

Mnarudia: chanzo.
Jana, Bandari ya Kusini, mlipofungua njia ya mafuta
ya beringi ile, koleo lilivuta kitambaa,
upana wa vidole viwili. Kanga.
Maandishi yameliwa, sijui ilikuwa inasema nini.

Kanga kuukuu za mama huzikata mimi, za kufutia mikono.
Jumanne nilisafisha chujio.
Nilihesabu matambara niliyoingia nayo: saba.

Niliyotoka nayo sikuyahesabu.