Makisio ya Fundi

Somoe Mnawele amelileta ndani ya kopo la maziwa ya unga,
limeviringwa kipande cha kanga,
kama mtu apelekaye jino lake mwenyewe kwa daktari.
"Litazame. Uniambie linafaa au halifai.
Usinionee haya."

Nimeliweka mezani, kati ya feni ya shule
na cherehani iliyokatika mkanda.
Kichwa cha treni, urefu wa kiganja na vidole viwili.
Kijani juu ya kijani, na juu yake rangi ya madirisha.
Bomba la moshi limepinda. Taa ya mbele imebaki tundu.

Hesabu kwanza. Mimi fundi, si mganga.
Sumaku: msumari wa nchi mbili inaunyanyua,
wa nchi tatu inaubembeleza tu.
Koili: mshale wa mita unapumua, haujalala.
Magurudumu ya kati: chuma, mazima.
Ya mbele: zinki iliyooza kwa ndani.
Nimeyabana kidogo tu na koleo,
yakamegeka kama visheti.

Hapo nikakaribia kusema halifai.
Siku nne za kazi, na spea
Nachingwea hazipo, Masasi hazipo,
na Mtwara watanicheka kwa simu.
Halafu likipona, litembee wapi?
Reli yenyewe, ile ya kubeba karanga na watu,
waling'oa kabla mama hajanibeba.
Limebaki tuta; mbuzi hupanda kutafuta upepo,
na kuna nyumba kule Mkotokuyana
ambayo kizingiti chake ni taruma.
Nikiwaza hivyo nilishaanza kulirudisha koponi.

"Lilitoka kwa nani?"
"Kwa Mzungu wa karanga. Alimpa baba
badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho."
Akanyamaza. Nami sikuchimba.
Mwezi mzima wa mtu, na uzito wake
haufiki nusu kilo ya korosho.

Nikafungua skrubu ya tumbo, kwa mazoea tu.
Brashi ya kulia ni ya kiwandani,
imelika ikawa punje ya mchele.
Ya kushoto siyo.
Ya kushoto ni kaboni ya betri ya tochi,
imesuguliwa kwenye sakafu ya saruji
mpaka ikakubali kuwa mraba.
Pembe moja haikunyooka:
ama mkono ulichoka,
ama koroboi iliishiwa mafuta.
Na koili imesukwa upya, waya mnene kupita kiasi,
mizunguko ya kukisia,
mwishoni fundo la uzi wa kushonea magunia.

Kumbe swali hili si la leo.
Kuna mtu alishaliuliza, hapa hapa,
bila mita, bila duka la spea,
bila hata mita moja ya reli,
na hakumjibu mtu yeyote kwa mdomo.

Chai yangu imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.
Kisha nikaandika, nyuma ya risiti ya salfa:

Magurudumu ya mbele, mawili: nitasubu
kwa sufuria iliyotoboka. Elfu nane.
Mafuta ya cherehani: bure.
Brashi ya kulia: betri ninayo. Sakafu pia.
Brashi ya kushoto: haiguswi.
Rangi: haiguswi.
Bomba: libaki limepinda.

Somoe akasoma polepole, kidole chini ya kila neno.
"Kwa hiyo linafaa?"
"Sijasema hivyo. Nimesema elfu nane."
"Mnada wa pili ukilipa."
"Mnada wa pili."

Alipokwisha kuondoka nikaazima betri ya bodaboda ya Chilumba.
Nikagusisha waya, huku na huku.
Gurudumu la kati likazunguka nusu,
likasita, likatoa harufu.
Nikachomoa haraka.

Chilumba akachungulia mlangoni: "Kinaungua nini humo?"
"Vumbi," nikamwambia.
Nikasubiri apite.
Nikagusisha tena.