Mlima wa Kushuka

Bwana Mgohachi wa hifadhi amekuja na ramani,
na kopo la rangi nyeupe, na brashi mbili.
Wageni wataendesha baiskeli humu, anasema,
kutoka Itigi hadi ndani kabisa ya miyombo,
tena kwa kulipia;
nami ninayezijua njia
nizitie alama mitini, wasipotee.

Njia A, anasema. Njia B. Njia C.
Nikamwambia: Mkuu, zina majina.

Hii ya mchanga mwekundu ni Vua Buluu.
Ndorobo wa huku wana rangi yao waipendayo:
pita na shati la buluu, watakusindikiza kilomita tisa
wakikuchoma mgongoni juu kwa juu,
na mikono yako yote miwili iko kwenye usukani.
Mjomba Lechipya aliipita kifua wazi siku ya ndoa yake,
suti ndani ya mfuko wa mbolea, mfuko kwenye kareri.
Alifika kanisani Doroto bega limevimba,
suti haina hata kunyanzi.

Akaandika: A.

Hii inayokata kona penye mninga uliochubuliwa na tembo
ni Wanzuki wa Mchanga.
Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya fremu,
kazi yangu kengele.
Nyuma yetu ndoo mbili za asali, moja kila upande,
zimekazwa kwa mipira ya tyubu.
Kwato za nyati zilikuwa zimekaukia njiani kama vibakuli;
gurudumu la mbele likaingia kimoja,
na sote tukaenda chini.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Asali ni nzito, haina haraka.
Baba alipiga magoti akaizoa kwa viganja,
mchanga, majani, sisimizi,
na nyuki waliokuja kudai chao.
Hakusema neno.
Mama akailoweka, akachuja kwa kanga, akachuja tena,
akavundika wanzuki.
Majirani walikunywa siku mbili wakitema punje,
wakaapa hawajapata kuonja mtamu kama ule.
Mimi shule nilianza mwaka uliofuata.

B, akaandika, na kufuta jasho kwenye miwani.

Na ile?
Ile, Mkuu, ni Mlima wa Kushuka.
Akachangamka: Mteremko! Wageni wataupenda!

Nikachovya brashi kwanza.

Hakuna mteremko pale.
Unapanda, na ukidhani umekwisha, unapanda.
Jina limetokana na watu: pale kila mtu hushuka.
Mwenye mkaa hushuka, mwenye dagaa hushuka,
aliyembeba mgonjwa hushuka, akamwacha mgonjwa juu.
Mkono mmoja usukani, mmoja kwenye kareri,
inama, sukuma.
Njia nzima baba alikuwa pumzi tu utosini pangu,
pumzi na magoti yanayopishana.
Pale tu ndipo nilipouona uso wake.
Pale alizungumza. Ule mtundu, ule mkole,
ule usiukate hata kwa fimbo.
Na mwezi wa Oktoba, kabla ya tone la kwanza,
miyombo ikitoa majani mekundu,
alisema msitu umeivisha bila kupika.

Akaandika: C.

Sikubishana. Nilipaka alama, shina kwa shina.

Jana wageni wa kwanza wamefika,
baiskeli zao nyepesi kama mabua,
gia nyingi kuliko vijiji nilivyowahi kufika.
Binti mmoja alikwama katikati ya mlima:
anabadili gia, krr, anabadili tena, krr,
amesimama juu ya pedeli, anayumba,
hataki kuweka mguu chini mbele ya wenzake.
Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaniuliza
juu ni wapi.

Shuka, nikamwambia.

Akashuka.
Tukasukuma, friwili zikihesabu tiki, tiki, tiki,
yangu kuukuu, yake mpya, hesabu ileile.
Hatua kama thelathini hivi.
Kisha akanigeukia, uso mwekundu, nywele zimegandama,
akanyoosha kidole:

Na ule, unaitwaje?