Pamoja, Pa Mmoja

Mimi Achimugu, mtunza hazina wa halmashauri ya Okpachala,
naandika haya katika daftari la mafuta ya greda
kwa kuwa greda halijanywa mafuta tangu mwaka juzi,
kurasa zake ni nyeupe, na karatasi haitupwi.

Kila mwezi Abuja hututumia pesa.
Nimeliona jina letu gazetini, safu ya tatu,
na mbele yake tarakimu ndefu kama treni ya mizigo.
Nikakikata kile kipande, nikakibandika juu ya meza
kama mtu abandikavyo picha ya mchumba asiyepata kumwona.

Maana haziji kwetu. Hupitia kwanza mji mkuu wa jimbo,
kwenye chungu kiitwacho akaunti ya pamoja.
Pamoja: neno tamu, la harusini na matangani.
Ongeza herufi moja tu, ulisome polepole:
pa mmoja.
Huko hukatwa mishahara ya walimu, pensheni za marehemu,
mchango wa usalama, mchango wa kuandaa mchango,
na treni yetu inaingia stesheni
kichwa na behewa moja,
na behewa lina upepo.

Tulikuwa na mwenyekiti, Ufedo Enejo.
Siku ya kumchagua foleni iliizunguka zahanati mara mbili.
Aliandika barua moja, nakala tatu, swali moja:
Salio letu ni kiasi gani?
Alhamisi redio ikasema baraza limevunjwa.
Alikuwa jikoni akimenya viazi vikuu.
Alimaliza kuvimenya.
Kesho yake akaletwa mwingine, wa mpito,
na katika mpito huo mjukuu wangu
alizaliwa, akatambaa, akaanza shule
isiyo na paa upande wa darasa la pili.

Sisemi gavana ni mwizi. Sina ushahidi, nina hesabu.
Naye ana kilio chake, si cha kubeza:
akifika Abuja hupiga meza,
Mnatubana! Shirikisho gani hili la mkubwa na vibarua?
Akirudi, vumbi la safari halijatua,
anatufanyia lile lile alilolilia.
Limeninyima usingizi jambo hili:
mtu ajue kiatu kinambana wapi
kisha awashonee wenzake kwa kipimo hicho hicho.

Majaji wakasema: pesa ziende moja kwa moja.
Mji ulicheza. Ojonugwa mchoma nyama
aligawa mishikaki bure mpaka mkaa ukamwishia.
Mimi nilikwenda benki na fomu.
Jumatatu, mtandao umekatika.
Jumatatu, meneja yuko semina.
Jumatatu, tunasubiri barua kutoka jimboni.
Hukumu ilikuwa na kurasa zaidi ya mia;
barua ilikuwa ukurasa mmoja,
na ndio uliokosekana.

Leo alfajiri simu imetetemeka kifuani.
Nimehesabu sifuri, nikavua miwani, nikaipangusa, nikahesabu tena.
Treni nzima, mabehewa yote,
na hakuna wa kupiga kelele naye,
mke wangu kalala.

Nilipofika ofisini walikwisha kujipanga.
Mkunga Ajuma na friji ya chanjo isiyogandisha.
Mwalimu mkuu, na picha ya paa kwenye simu yake.
Wazee wa ng'ambo ya kijito, na kalavati lao.
Nyuma yao shemeji yangu Ugbede,
shati limepigwa pasi, bahasha kwapani, anatabasamu kwangu.
Nani aliwaambia? Sijui. Upepo wa behewa, labda.

Miaka yote nilikuwa na jibu moja zuri,
jepesi, lililonilinda kama mwavuli:
Nendeni mkaulize jimboni.
Nimelitafuta mdomoni. Halimo.
Mama mmoja ananitazama, anasubiri nilitamke
ili arudi zake nyumbani.

Naufungua mlango. Shemeji, foleni ni foleni.
Dereva wa greda yupo dirishani, amenyoosha mkono,
anataka kuandikiwa lita arobaini,
na daftari ni hili hili.

Samahani. Ukurasa huu nauhitaji.